Bishana na Parsons jikoni

KAULI YA JUMAMOSI
Na Zuhura Mwinyikombo

Mwezi Mei ukiingia, nyumba nyingi za Watanzania waishio Uingereza hupunguza sauti ya televisheni. Vijana wa miaka 17 na 18 wako kwenye mitihani ya A-level, ile inayoamua nani aende chuo kikuu gani, na heka heka hizo haziishi mpaka Juni. Anayefanya hesabu au kemia huombewa dua na ukoo mzima, wa Tanga na wa Muscat. Anayefanya sosholojia huulizwa: hivi hilo somo litakupa kazi gani?

Wiki hii nataka kuwatetea vijana hao wa sosholojia. Halafu nataka kuzungumza nao wenyewe, maana wengi wao wanadurusu kwa namna inayowanyima utamu wote wa somo, na alama pia.

Tuanze na wazazi. Hapa kwetu wengi wetu hukutana na sosholojia tukifika chuo kikuu pale Mlimani, kama tumefika, kwa hiyo si ajabu mzazi akaiona kama porojo za watu wazima. Atazame basi mtoto anachokabiliana nacho. Katika bodi ya mitihani ya AQA, mitihani ni mitatu, kila mmoja saa 2 na alama 80, na yote hufanywa mwishoni mwa miaka miwili ya masomo. Wa kwanza unahusu elimu pamoja na nadharia na mbinu za utafiti. Wa pili una mada za kuchagua, kama familia, dini au vyombo vya habari. Wa tatu ni uhalifu na ukiukaji wa kanuni za jamii, na humo nadharia na mbinu za utafiti zinarudi tena. Gawa dakika 120 kwa alama 80, utaona kila alama ina dakika moja na nusu, kwa hiyo insha ya alama 30 inapewa dakika 45, kuipanga kukiwa humo humo. Katika dakika hizo kijana aeleze nadharia, aifunge na kifungu kifupi kilichochapwa juu ya swali, alete tafiti, kisha azipime: nguvu yake iko wapi, zimepwaya wapi, nani amezipinga na kwa hoja gani. Alama za kujua mambo peke yake hazifiki nusu. Zilizobaki ni za kuyatumia na kuyapima. Mwanasheria mzima angetokwa jasho.

Sasa tuje kwa vijana. Binti wa mdogo wangu anaishi na mama yake Coventry. Likizo ya Pasaka alinitumia picha ya meza yake: kadi ndogo za rangi, kila moja ina jina, mwaka na sentensi moja. Rosenthal na Jacobson 1968. Bowles na Gintis 1976. Willis 1977. Pembeni kitabu kimefunguliwa, ukurasa mzima umepakwa wino wa njano. Nikampigia. Nikamuuliza, mwanangu, hawa Rosenthal na Jacobson walifanya nini? Akanijibu kwa Kiingereza kilichonyooka, neno kwa neno kama kadi ilivyoandikwa: matarajio ya mwalimu huathiri maendeleo ya mwanafunzi. Nikamwambia vizuri, lakini walijuaje? Akanyamaza.

Basi tukasimuliana kama hadithi. Watafiti wale waliingia shule moja ya msingi huko California, wakawapa watoto jaribio la akili. Wakawaambia walimu kwamba jaribio limebaini watoto fulani walio karibu kuchanua kimasomo. Kumbe watoto hao, kama mmoja kati ya kila watano, walichaguliwa kwa bahati nasibu tu. Mwaka ukapita, wote wakapimwa tena, na waliotajwa wakaonekana wamepanda kuliko wenzao, hasa wale wa madarasa ya chini kabisa. Watafiti hawakukaa darasani kutazama mwalimu alimtendea nani vipi. Walikisia kwamba imani yake ilipenya kwenye mazungumzo, kwenye jicho, kwenye subira.

Hapo mtoto akaamka. "Mama mkubwa, na wale wanne waliobaki katika kila watano, walipoteza nini?" Akaongeza: kama hawakukaa darasani, wanajuaje kuwa ni mwalimu? Na kwa nini iwe kwa wadogo zaidi kuliko wakubwa? Ndani ya dakika kumi alikuwa na hoja tatu za kuupima utafiti ule, moja ya maadili na mbili za ushahidi, na hakuna hata moja iliyokuwa kwenye kadi. Hizo ndizo msahihishaji anazozitafuta kwa tochi.

Kukariri kadi kuna kazi yake, sikatai. Majina na miaka lazima vikae kichwani. Lakini kusoma tena na tena ukurasa uliopakwa rangi kunadanganya. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena. Wengine walifunga karatasi wakajaribu kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 56 na waliosoma tena asilimia 42. Mtihani haufanywi dakika tano baada ya kufunga kitabu. Kinachokufanya ujione unajua jioni ya leo ndicho kitakachokuacha mikono mitupu wiki ijayo.

Kwa sosholojia ninaongeza sharti langu mwenyewe: jipime mbele ya mtu, tena kwa lugha ya nyumbani. Ukilazimika kumweleza Parsons kwa Kiswahili mtu ambaye hajawahi kumsikia, zile sentensi za kuazima zinakutoka zote. Unabaki na ulichoelewa.

Nikamtuma afanye hivyo. Mama yake anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, siku hiyo alikuwa ametoka zamu ya asubuhi na anasonga ugali. Simu ikawekwa karibu na sufuria, nami nasikiliza. Binti akaanza: Talcott Parsons, Mmarekani wa katikati ya karne iliyopita, alisema uchumi wa viwanda unahitaji wafanyakazi wanaoweza kuhama kuifuata kazi, na familia ndogo ya baba, mama na watoto inahama kwa wepesi kuliko ukoo mzima. Zaidi ya hayo, kazi nyingi zilizokuwa za ukoo, kama kufundisha watoto na kuuguza wagonjwa, zimechukuliwa na shule na hospitali. Kwa hiyo ukoo unapoteza nafasi yake na familia ndogo inashika usukani.

Mwiko ukasimama. "Mbona mimi ndiye niliyehama kufuata kazi," mdogo wangu akasema, "na ndugu ndio wamezidi?" Akamwonyesha bintiye karatasi iliyobandikwa kwenye friji: ada ya mtoto wa kaka yetu aliye kidato cha tatu, dawa za mama, mchango wa arobaini ya shangazi, na pembeni tarehe ya kutuma kila kimoja. Kwa kuhama kwake ndipo alipogeuka nguzo ya watu ambao angebaki Tanga asingeweza kuwasaidia.

Hiyo ni hoja halisi dhidi ya Parsons. Ila isiandikwe kavu kavu kwenye karatasi ya mtihani, kwa sababu msahihishaji hatoi alama kwa friji ya mtu. Inabidi ifungwe kwenye jambo lililomo kwenye muhtasari. Mwaka 1957 Young na Willmott walitoa kitabu chao kuhusu Bethnal Green, mtaa wa wafanyakazi mashariki mwa London, wakaonyesha kwamba katikati ya jiji la viwanda ukoo ulikuwa hai, hasa kamba kati ya mama na binti zake walioolewa. Mwanafunzi aanze hapo, kisha aseme uhamiaji wa leo umeirefusha kamba hiyo kuvuka bahari, na fedha zinazotumwa nyumbani ni ushahidi wake. Na amtendee Parsons haki pia: ukoo haukumzuia mdogo wangu kuhama wala haukumpangia kazi. Yaani Parsons alipatia kuhusu nani anaamua mtu aishi wapi, akakosea alipodhani kwamba umbali huo utalegeza wajibu. Hapo mtoto ameshapima pande mbili, na ameandika kitu ambacho mtahiniwa wa jirani hawezi kukiandika.

Kuna jambo zito zaidi ambalo walimu na wazazi hawalizungumzi vya kutosha. Mada ya elimu inamtaka mtoto wa mfanyakazi wa kipato kidogo asome, miezi mfululizo, kwa nini watoto wa wafanyakazi wa kipato kidogo hufeli. Anamkuta Bourdieu akisema shule inatuza utamaduni wa nyumba zenye nafasi na kuuita akili. Anawakuta Bowles na Gintis wakisema shule inafundisha utii unaotakiwa na mwajiri. Anamkuta Paul Willis na wavulana wake 12 wa Midlands, eneo lile lile ambalo binti yetu anaishi, walioidharau shule, wakaikejeli, na kwa dharau hiyo hiyo wakajipeleka wenyewe kwenye kazi za mikono kama baba zao. Usiku mmoja alinitumia ujumbe wa sauti, ametulia mno kwa mtoto wa umri wake: "Mama mkubwa, kwa hiyo sisi tumeshafeli?"

Mtoto asiachwe peke yake na swali hilo. Nilimwambia arudi kwa Mary Fuller, aliyechunguza kikundi cha wasichana weusi katika shule moja ya London na kuandika habari zao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wasichana wale walijua walimu na jamii inawaonaje. Hawakujipendekeza kwa mwalimu, na mara nyingine hawakujifanya hata wanasoma. Lakini walisoma, kwa sababu mtihani unasahihishwa na mtu asiyewajua sura. Wakafaulu. Nadharia ya kubandikwa jina, kwamba mtu hugeuka kuwa vile anavyoitwa, haikufutika kwa sababu yao, ila ilibidi ikubali kwamba mtu anaweza kulikataa jina alilobandikwa. Nikamwambia pia ampime Willis: wavulana 12, hakuna msichana hata mmoja, na viwanda vingi vilivyokuwa vikiwasubiri vijana wa Midlands vilifungwa katika miaka iliyofuata. Sosholojia inaeleza mwelekeo wa makundi. Mtoto mmoja mmoja haiwezi kumtabiri, na mwanafunzi anayeweza kuandika sababu za jambo hilo ameanza kuikaribia alama ya juu.

Kwa mzazi anayeuliza kazi: wauguzi, walimu, maofisa ustawi wa jamii, askari polisi na waandishi wa habari hushughulika kila siku na mambo ambayo kijana huyu anayasoma sasa. Vyuo vikuu vya Uingereza vinaipokea A-level ya sosholojia. Mwache asome, na umpe sikio.

Wiki hizi chache zilizobaki ningezitumia hivi. Bodi huchapisha maswali ya miaka iliyopita pamoja na miongozo ya usahihishaji, bure, mtandaoni. Chukua swali moja la alama 30, funga kitabu, mpe mama saa, andika kwa mkono dakika 45 bila kusimama. Pigia mstari kila mahali ulipokigusa kifungu cha juu ya swali. Ukikuta hujakigusa, umeacha alama mezani. Kisha soma mwongozo wa usahihishaji, na kesho yake, kabla ya kugusa kadi, msimulie mtu hoja uliyoisahau. Ukifika kwenye uhalifu, anza na Merton na makala yake ya 1938, anapoeleza jamii inayomwambia kila mtu lazima afanikiwe huku njia za halali za kufanikiwa zikiwa wazi kwa wachache. Mwulize mama ni nani anaowajua waliokwama kwenye pengo hilo, na kila mmoja alichagua njia gani. Merton alizitaja njia tano. Mwache mama amalize kusimulia, ndipo umpange kila mtu mahali pake.