Somo la fizikia linapita juu ya paa la shule

Mwaka 1966, wanafunzi wa Kettering Grammar School, shule ya sekondari nchini Uingereza, pamoja na mwalimu wao wa fizikia, Geoffrey Perry, walitangaza siri ambayo Wasovieti walikuwa wameifungia kabatini: kulikuwa na kituo kingine cha kurushia maroketi, mbali kabisa na kile cha Baikonur kilichojulikana na wengi. Hawakuwa na jasusi wala mtambo wa mamilioni. Walikuwa na redio ya kupokea mawimbi, saa, daftari na subira. Waliisikiliza setilaiti ya Kosmos 112, iliyorushwa Machi mwaka huo, wakaandika inasikika saa ngapi na kupotea saa ngapi, wakachora njia yake. Njia hiyo ikagoma kuoana na Baikonur. Iliwapeleka kaskazini, Plesetsk. Moscow ilikuja kukiri kuwapo kwa kituo hicho mwaka 1983, wakati wanafunzi wale wamekwishakuwa watu wazima.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kinagusa palepale sayansi yetu ya shuleni inapouma. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anafanya jaribio la pendulamu akijua tangu mwanzo kwamba jibu ni 9.8. Akipata 7, hajiulizi kimetokea nini; anarekebisha jedwali. Hakosi uaminifu kwa asili yake. Tumemfundisha kwamba jaribio ni njia ya kuthibitisha kitabu, na katika mazingira hayo kipimo chake mwenyewe hakina thamani. Anachohitaji ni kupima kitu ambacho jibu lake halijaandikwa popote, na kitu cha namna hiyo kinapita juu ya paa la darasa lake mara kadhaa kwa siku. Nazungumzia setilaiti za redio za ridhaa, zile zinazoundwa na wapenzi wa redio na vyuo, na kutangaza hali zake waziwazi kwa yeyote mwenye antena.

Ya kwanza, OSCAR 1, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1961 kama abiria wa ziada kwenye roketi ya Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 4.5 hivi na ilijua kusema neno moja tu kwa alama za Morse: "HI", yaani salamu. Lakini waundaji wake waliifanya kasi ya salamu ile ibadilike kulingana na joto lililokuwa ndani ya chombo. Mtu akihesabu salamu kwa saa ya mkononi alikuwa anasoma kipimajoto kilichokuwa angani. Watu zaidi ya 570 katika nchi 28 walituma taarifa za walichosikia kabla haijanyamaza, wiki tatu baadaye. FUNcube-1 ya mwaka 2013, yenye upana wa sentimita 10 tu kila upande, iliundwa mahsusi kwa ajili ya shule: ilibeba vipande vya chuma, kimoja cheusi na kingine cha kung'aa, ili wanafunzi waone namba za joto la kila kimoja zikipanda juani na kushuka kivulini. Ni somo lilelile la mnururisho wa joto lililomo katika silabasi zetu. Tofauti ni kwamba huku namba zinatoka angani, na hakuna aliyezipika.

Tuangalie kipindi kimoja kwa karibu. Setilaiti inatangaza kwenye megahezi 145.9. Mwanafunzi anagawa 300 kwa 145.9, anapata urefu wa wimbi wa mita 2 na ushei. Nusu yake, kama mita 1, ndiyo urefu wa kipande kikuu cha antena. Anakata futi ya chuma ya fundi seremala, anaifunga kwenye bomba la plastiki, na antena imekamilika. Setilaiti ikichomoza, sauti yake inasikika juu kidogo ya masafa yake; ikizama, inasikika chini, kama honi ya basi linalokupita barabarani. Tofauti ni kilohezi 3.3 hivi kila upande. Akigawa 3.3 kwa 145,900 na kuzidisha kwa kasi ya mwanga, anapata mwendo wa setilaiti: karibu kilomita 7 kwa sekunde. Vitabu vinasema 7.5. Kwa nini jibu lake limepungua? Hapo mwalimu anaweka chaki chini na kumwacha aitafute jiometri mwenyewe.

Wapo watakaosema hatuna hata mizani za kutosha katika maabara za shule za kata, na hoja hiyo ni nzito. Pasipo na mwalimu wa fizikia, hakuna setilaiti itakayosaidia, na sitaki fedha za kemikali zihamishiwe huku. Ila kifaa cha kupokelea, chenye umbo la flashi, ni nafuu kuliko simu janja ya kawaida, na kikiunganishwa na kompyuta moja kinatosha darasa zima. Wengine wanauliza kwa nini tusizichukue namba hizo kwenye intaneti, kwa kuwa zimo. Zimo, lakini ni kipimo cha mtu mwingine. Aliyeshika antena mwenyewe anajua wapi mkono ulitetereka na wapi mti ulikinga, na kwa hiyo anajua kosa la kipimo ni nini, jambo ambalo halikaririki. Na kuhusu leseni, kinachodai mtihani na kibali ni kurusha mawimbi. Kusikiliza ni jambo jepesi zaidi, na mamlaka zetu za mawasiliano zinaweza kulimaliza shaka lolote kwa waraka wa ukurasa mmoja kwa shule.

Mpango wa kuwaunganisha wanafunzi na wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga ni mzuri, ila mazungumzo yale huchukua dakika kama 10. Wachache wanauliza, wengine wanapiga makofi. Ningechagua kusikiliza kila wiki kwa muhula mzima. Kenya ilipoachia setilaiti yake ya 1KUNS-PF angani mwezi Mei 2018, setilaiti hiyo ilitangaza kwenye masafa ya redio za ridhaa. Kila sekondari ya Kenya ingeweza kuisikia setilaiti ya taifa lake kwa masikio yake. Ni fursa ambayo haifai kupotea mara ya pili.

Na kwa shule isiyoweza kusubiri setilaiti ipite, ipo QO-100, redio ya ridhaa iliyomo ndani ya setilaiti ya Qatar ya mwaka 2018. Yenyewe imekaa palepale kilomita 36,000 juu ya ikweta, karibu na utosi wa Kisangani. Dishi la kawaida la runinga linaipata, mradi fundi alielekeze karibu wima, atoboe tundu dogo chini ili maji ya mvua yatoke, na waya uingie darasani.