Nguruwe asimnyang'anye mtoto sahani yake

Vita vilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango. Watu wenye akiba hawakuweza kuigusa. Lakini mama mwenye nguruwe wawili nyuma ya nyumba alibaki na benki yake: akiuza mmoja, anapata pesa ya masomo ao ya hospitali. Ndiyo sababu jumuiya zetu zinapenda mradi wa nguruwe. Mjane anapewa mtoto wa nguruwe, na huyo akizaa, anapitisha mmoja kwa jirani. Mradi ni mzuri, ila mara nyingi tunasahau kuuliza: huyo nguruwe atakula nini?

Kumshibisha si shida kubwa. Shida ni protini, ile inayojenga nyama. Nguruwe anayekua anahitaji chakula chenye protini karibu 16 kwa mia. Watoto walioachishwa ziwa wanahitaji 18 ao zaidi. Unga wa muhogo una 2 ao 3 tu kwa mia, na mahindi 8 ao 9. Kwa hiyo nguruwe wa maganda ya muhogo anashiba, lakini mwaka unapita na bado ni mdogo. Mjane amemtumikia mnyama, mnyama hajamtumikia mjane.

Hapa Kivu wafugaji walikuwa na milango mitatu ya kupata protini, na yote inatikisika.

Wa kwanza ni dreshi, mabaki ya nafaka kutoka kiwanda cha bia. Ikikaushwa, karibu robo ya uzito wake ni protini. Sisi tunaohubiri juu ya ulevi tukubali kwamba nguruwe wengi wa wakristo wetu wa Bukavu walilishwa na bia. Mwezi wa Juni 2025, Heineken, wakati huo kampuni mama ya Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa mali zake za Bukavu na Goma, na kwamba imeondoa wafanyakazi wake. Anayetegemea kiwanda kimoja analala njaa siku kiwanda kikinyamaza.

Wa pili ni unga wa samaki, sambaza wa Ziwa Kivu ao ndakala wa Tanganyika. Wa tatu ni soya. Hii miwili ina nguvu kabisa: samaki mkavu ana protini zaidi ya 50 kwa mia, na soya karibu 38. Lakini sambaza ndiye nyama ya maskini, na soya ndiyo inatiwa katika uji wa masoso, pamoja na mahindi na mtama, kwa watoto wenye utapiamlo. Tukimpa nguruwe vitu hivyo, tunapandisha bei ya chakula cha mtoto ili tupate pesa ya kumpeleka mtoto yule yule hospitali. Hesabu hiyo haiwezi kusimama mbele ya Mungu wala sokoni.

Basi kanuni yetu iwe nyepesi: nguruwe apewe kwanza protini ambayo mtoto hali.

Tuanze na majani. Matembele ya viazi vitamu yanaweza kupewa mabichi. Majani ya muhogo yana protini 20 kwa mia na zaidi yakikaushwa. Yale machanga ni sombe yetu, tuyaache. Lakini siku ya kung'oa muhogo, majani makubwa yanatupwa shambani. Yakatwe vipande vidogo, yaanikwe juani mpaka yakauke vizuri, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu.

Kisha kuna funza wa nzi mweusi, yule mwembamba kama nyigu. Si nzi wa chooni: akiwa mkubwa hali chakula chetu, haumi, na anaishi siku chache tu. Funza wake wanakula maganda ya ndizi na mabaki ya soko, na wakikaushwa wana protini karibu 40 kwa mia. Wanapenda joto la digrii 27 mpaka 30. Kwa hiyo Uvira na bonde la Ruzizi watafanikiwa haraka kuliko Bukavu, ambako baridi inawachelewesha.

Tuone kwa hesabu. Katika kilo 100, tia muhogo mkavu kilo 55, pumba kilo 30, na majani makavu kilo 15: protini inafika 8 hivi kwa mia. Ondoa kilo 15 za muhogo, weka funza wakavu mahali pake, inapanda karibu 14. Hiyo inamtosha jike mwenye mimba. Kwa watoto wa nguruwe soya kidogo bado inahitajika, nayo ikaangwe kwanza, kwa sababu soya mbichi inazuia tumbo kutumia protini. Kidogo hicho kilimwe kwa ajili yao. Kisitolewe katika uji wa mtoto.

Tahadhari moja: mabaki ya mezani yenye nyama ya nguruwe yanaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika. Haina dawa, na inaweza kumaliza zizi lote kwa juma moja. Mabaki hayo yasipewe nguruwe wala funza.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wachungaji na kamati za maendeleo: msigawe nguruwe mahali ambapo chakula chake hakijapandwa. Parokia zetu nyingi zina shamba. Sehemu yake iwe ya matembele na soya miezi minne kabla ya wanyama kufika, na mtu mmoja katika kila kundi afundishwe kufuga funza. Mwana mpotevu wa Luka 15 alifika kutamani chakula cha nguruwe. Kanisa lisipange mradi unaomrudisha mtoto wetu pale pale.