Harufu Si Uchafu: Tuache Kujificha, Twende Tukapimwe



Leo tunazungumza jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona, tena kwa mafumbo. Ni ile harufu ya shombo la samaki itokayo ukeni, ambayo hata ukoge mara tatu kwa siku hurudi, na huzidi baada ya tendo la ndoa. Mwanamke akishaipata huanza kujiona mchafu. Harusini hukaa pembeni peke yake, na usiku humpa mume mgongo akisingizia usingizi.

Mmoja wetu aliishi hivyo karibu miaka miwili. Alianza na sabuni ya kunukia, akaenda kwenye maji ya limau, kisha shabu, kisha vidonge vya "kusafisha kizazi" alivyoviagiza kwa simu. Kila kimoja kilimpa nafuu ya siku mbili tatu, halafu harufu ikarudi. Siku alipokwenda kupimwa ndipo alipoambiwa kwamba ana ugonjwa wenye jina na wenye dawa. Alilia, akikumbuka siku zote alizojilaumu.

Ugonjwa huo ni vajinosisi ya bakteria, wengi wanaufupisha BV. Uke wenye afya una bakteria wazuri wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo mlinzi wa mlango. Wakipungua, bakteria wengine hupata nafasi na kuzaliana kwa wingi. Hapo hutoka majimaji mepesi, meupe au ya kijivujivu, yenye shombo. Wengi hawaoni dalili yoyote. Na si jambo la wachache: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, kati ya 23 na 29 wanao.

Sasa tuseme ukweli unaouma. Mengi tunayofanya kuiondoa harufu ndiyo yanayoilea. Ukiingiza sabuni, limau, shabu au dawa ya kuulia vijidudu ndani ya uke, unamfukuza yule mlinzi. Sisi ni wanawake wa udi, asumini na singo, na hatuna nia ya kuviacha. Mafusho yabaki kwenye nguo na nywele, singo ibaki kwenye ngozi. Ndani kuna utaratibu wake aliouweka Mwenyezi Mungu, hauhitaji msaada wa chetezo. Hata istinjaa tuliyofundishwa ni kuosha sehemu ya nje kwa maji. Haikututaka tuingize kitu ndani. Tunawaomba masomo na makungwi wetu, ambao maneno yao bibi harusi huyashika kuliko ya daktari, waliingize hili katika mafunzo yao.

Kosa jingine ni kujipa ugonjwa wenyewe. Siku hizi kila kitu huku chini ni "UTI sugu" au "fangasi". UTI ni ya njia ya mkojo. Fangasi mara nyingi huwasha sana na hutoa uchafu mzito kama maziwa mgando, bila shombo. Dawa zao ni tofauti, na mwenye fangasi akimeza antibiotiki ovyo anaweza kuzidishiwa. Kununua vidonge viwili vitatu dukani kwa kuwa jirani vilimfaa si tiba.

Kwa nini tunalishikilia sana? Kwa sababu harufu ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Mwanamke mwenye BV yumo katika hatari zaidi ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa akikutana nayo. Kwa mjamzito, ugonjwa huu unahusishwa na kujifungua kabla ya wakati, na mtoto njiti tunajua mitihani yake. Unahusishwa pia na maambukizo ya via vya uzazi, ambayo yanaweza kuathiri mirija na kumchelewesha mtu kupata mtoto. Basi ewe mjamzito, ukiona dalili usingoje uulizwe. Mwambie mkunga kliniki.

Na waume zetu wasikilize. BV si ushahidi kwamba mke ametoka nje ya ndoa, na haifai kuwa sababu ya kumtusi, kumhama kitanda au kumrudisha kwao. Hutibiwa kwa antibiotiki kama metronidazo, kwa kawaida siku 7, na dozi imalizwe hata kama harufu imekatika siku ya tatu. Lakini ina tabia ya kurudi. Utafiti uliofanyika Australia na kutangazwa 2025 ulionyesha kuwa mke alipotibiwa peke yake, ilirudi kwa wanawake 63 katika kila 100 ndani ya wiki 12. Mume alipotibiwa pamoja naye, ilirudi kwa 35. Kwa hiyo ikirudi mara kwa mara, nendeni wawili, na muulizeni daktari kuhusu mume pia. Mwenye wake zaidi ya mmoja asifiche hilo kwa daktari.

Tunajua kinachotuzuia ni haya. Haya ni pambo la muumini, lakini si ya kumfungia mtu na maradhi chumbani. Bi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo yao. Wao waliuliza mbele ya Mtume. Sisi tunashindwa kumuuliza nesi mwanamke mwenzetu, mlango umefungwa?

Ukifika, huhitaji maneno mengi. Sema: "Natokwa na majimaji yenye harufu, naomba nipimwe ute." Kabla ya hapo usijisafishe ndani, wala usijipake kitu, ili kipimo kiseme kweli. Na ukiwa na binti mkubwa ndani ya nyumba, mwambie haya leo, asije akajifunza kwa wauza vidonge.

Tukutane tena, In shaa Allah.