Matajiri na Maisha ya Shamba Kando ya Tanganyika

Siku hizi, katika mwambao wa Bugarama na Rumonge, wapo wenye uwezo kutoka Bujumbura watafutao viwanja kando ya ziwa, wajenge nyumba za mapumziko zenye paa la nyasi, na kupamba sebule kwa vikapu na vyungu. Jambo hili si geni duniani. Kuanzia mwaka 1783 Malkia Marie-Antoinette wa Ufaransa alijengewa huko Versailles kijiji kizima, chenye kinu na mifugo, kwa mtindo wa maisha ya shamba.

Kupenda mambo ya asili si kosa. Lakini yafaa ndugu msomaji aulize: chungu kile kimefinyangwa na nani, naye hupata nini? Batwa, mafundi wa ufinyanzi nchini Burundi tangu kale, wengi wao hawana ardhi. Mabonde walimochimba udongo yamegeuzwa mashamba, na sufuria za kiwandani zimewanyang'anya wanunuzi. Tajiri anayewalipa bei ya haki amewafaa kuliko anayewasifu tu mbele ya wageni wake.

Ziwa nalo lina sheria yake. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 yakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ufukweni. Maji yalipopanda mwaka 2024, Rumonge ilifurika, na wengi waliohama hawakuwa na nyumba ya pili mjini. (Askari aliyelala hemani masika haoni fahari ya paa linalovuja.) Mkamuaji wa mawese, azungushaye mtambo kwa mikono, angeipokea mashine kesho asubuhi.