Spageti Haina Kosa

Siku hizi kila mwenye neno kuhusu afya ana neno pia kuhusu spageti. Mawifi wanasema ni chakula cha mwanamke mvivu. Wazee wa kijiweni wanasema ni chakula cha Wazungu, ndiyo maana watu wanaumwa. Vijana wa mazoezi wanasema ni wanga mtupu, bora ule yai na maji. Na kipeperushi cha kliniki kinasema kama huna budi kuila, basi nunua ile ya kahawia ya ngano isiyokobolewa, uipike kwa mafuta ya zeituni, uiwekee brokoli. Makundi haya manne hayaelewani kwa jambo lolote isipokuwa moja: kwamba mwenye kosa ni yule aliyeshika mwiko.

Mimi ndiye niliyeshika mwiko. Ninakaa Mbagala, napikia watu wanane, na wawili kati yao wana kadi za kliniki. Nimewasikiliza wote wanne kwa adabu, sasa nao wanisikilize.

Nianze na wazee, kwa heshima zao. Spageti wanayoiita ya Wazungu ni ndugu wa tambi, na tambi ziko kwenye futari za pwani hii tangu bibi zetu hawajazaliwa, zimekaangwa, zimewekewa tui, sukari, iliki na zabibu. Hata jina halikutoka mbali. Utambi ni ule uzi wa taa ya koroboi, na mtu wa pwani alipouona unga uliovutwa ukawa nyuzi akauita kwa kitu alichokijua. Majirani zetu Wasomali waliotawaliwa na Waitalia wanaiita baasto, wanaila kwa mchuzi wa nyama na ndizi mbivu pembeni, na hakuna anayewaambia wameacha asili yao. Tena tukianza kufukuza wageni sufuriani, mahindi yataondoka, kwa kuwa yalikuja kutoka Amerika. Nyanya itafuata, na muhogo utaifuata nyanya. Mzee atabaki na mtama na ulezi, na sijamwona mzee yeyote wa Mbagala akiomba mtama jioni.

Mawifi nao niwajibu. Mwanamke anatoka Kariakoo kwenye biashara, amesimama kwenye daladala saa nzima na zaidi, anafika nyumbani giza limeingia. Maharage makavu yasiyolowekwa yanataka karibu saa mbili jikoni. Spageti inataka dakika kumi. Kopo la mkaa ni pesa, na anayenunua mkaa kwa kopo anajua thamani ya kila kaa linalowaka. Kwa hiyo anapochagua spageti amepiga hesabu ya moto, ya muda na ya miguu yake mwenyewe. Serikali yenyewe imekiri kwamba moto ni tatizo. Mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikisema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Hilo ni jambo jema. Lakini mpaka gesi itakapokuwa rahisi kujazwa kama mkaa ulivyo rahisi kununuliwa kwa kopo, mtu asimwite mvivu anayepika kile ambacho moto wake unakimudu.

Kwa vijana wa mazoezi nina jibu fupi. Ni kweli spageti ya kawaida ni ngano iliyokobolewa, kama sembe ilivyo mahindi yaliyokobolewa na mchele mweupe ulivyo mpunga uliokobolewa. Dona ya kweli ina nyuzinyuzi zaidi, sibishi. Ila spageti ina jambo lake: unga wake umekandwa na kubanwa mpaka ukawa mgumu, na wanga wake husagwa tumboni taratibu kuliko wanga wa mkate mweupe. Faida hiyo hubaki kama hukuichemsha mpaka ikawa uji. Basi anayeacha spageti jioni ili ale mikate na chai yenye vijiko vitatu vya sukari hajaokoa kitu.

Sasa tuangalie inavyopikwa kwetu, kwa sababu hapo ndipo kosa lilipo. Spageti inavunjwa katikati, inachemshwa mpaka inalegea kabisa, inamwagwa maji, inasuuzwa kwa maji baridi. Halafu mafuta yanawekwa kwenye sufuria, na si kidogo: yale ya kupima dukani, mfuko mzima. Kitunguu kimoja, karoti moja ya kupamba, hoho nusu. Kiungo cha pakiti, na juu ya hicho chumvi. Kisha spageti inarudi humo, inageuzwa mpaka inang'aa.

Tufanye hesabu. Pakiti ya nusu kilo ina takriban kalori 1,750. Nusu kikombe cha mafuta kina takriban kalori 1,000. Yaani yale mafuta ambayo hakuna anayeyahesabu kama chakula yamebeba zaidi ya theluthi ya mlo mzima, bila protini wala nyuzinyuzi. Upande wa chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya chai ya asubuhi mpaka ya kachumbari. Geuza hicho kiungo cha pakiti usome nyuma. Kwenye vingi, neno la kwanza ni chumvi. Mpishi anatia chumvi mara mbili, ya kwanza bila kujua.

Na haya hayapo kwenye daftari tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uliwapima Watanzania wa miaka 25 hadi 64 ukakuta karibu robo yao wana shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya kila kumi na mmoja ana kisukari. Utafiti huohuo ulikuta karibu watu wote hawali matunda na mboga kwa kiasi kinachoshauriwa. Mtaani kwetu hatuhitaji kusoma utafiti huo. Ukikaa barazani asubuhi utaona wanaopita na chupa ya maji na kadi ya kliniki wakiwahi foleni.

Mmoja wao ni mama yangu mzazi. Alipoambiwa ana sukari, akapewa kile kipeperushi nilichokitaja. Tukaambiwa pia apikiwe chakula chake peke yake. Hakuna aliyeuliza tunapikia nini wala tunakula vipi. Sisi tunakula kwenye sinia, wajukuu na bibi yao, mkono kwa mkono. Kwa majuma mawili mama alikaa pembeni na sahani yake ya dona na mchicha wa kuchemsha usio na ladha, huku wajukuu wakivuta spageti hatua mbili kutoka kwake. Siku moja akauliza, bila hasira, "Kwani mimi nimefungwa?"

Sina ugomvi na dawa, na mama anazinywa kwa saa zake. Ugomvi wangu ni na ushauri unaomtoa mgonjwa kwenye sinia na kumwacha kila mwingine aendelee na mafuta yake. Kama chakula cha mama kinafaa kwa mwenye sukari, kwa nini kisimfae mjukuu ambaye tunataka asiipate? Na kama chakula cha mjukuu kitamdhuru bibi, tunampa mtoto kwa sababu gani? Chakula cha afya kinachopikwa kwenye sufuria ya pembeni ni adhabu, na adhabu haidumu. Mgonjwa ataidokoa ile ya wenzake usiku, kisha kliniki wamgombeze kwa kukosa nidhamu.

Na vile vitu vya kipeperushi, nani alikwenda kuviulizia bei? Mafuta ya zeituni yanakaa kwenye rafu za supamaketi za Masaki na Mikocheni, kwenye vichupa ambavyo bei yake inalisha nyumba yangu siku kadhaa. Brokoli sijaiona gengeni kwetu, wala Tandika. Nilichokiona ni mchicha, matembele, kisamvu, bamia, biringanya, nyanya chungu, kunde, choroko, dagaa, ndimu. Mwandishi wa kipeperushi alikinakili kutoka nchi ya watu wengine akasahau kwamba genge liko hatua chache kutoka mlango wa kliniki yake.

Basi hivi ndivyo tunavyopika sasa, sufuria moja kwa watu wanane. Kunde nusu kilo zinalowekwa tangu asubuhi, zikichemka hazichukui muda mrefu. Siku zisipolowekwa, yupo mama mtaani anayechemsha maharage kwa sufuria kubwa na kuuza kwa kikombe; moto mmoja unapikia nyumba nyingi, na hiyo nayo ni nishati safi kuliko majiko kumi ya kila mtu peke yake. Vitunguu viwili, saumu na tangawizi vinakaangwa kwa vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, vilivyopimwa kwa kijiko, si kwa jicho. Nyanya nyingi mbivu zinapondwa humo zikaive mpaka zishikane. Karoti, biringanya, bamia chache. Dagaa waliotolewa vichwa na kuoshwa mchanga nawakausha kwenye sufuria kavu ndipo waingie. Dagaa mkavu ana protini karibu nusu ya uzito wake, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake anatuletea na chokaa ya mifupa yetu. Kiungo cha pakiti hakiingii. Chumvi inaingia mara moja, mwishoni, na ndimu inamalizia kazi ambayo chumvi ilikuwa inafanya.

Spageti inachemshwa pakiti moja tu, ile iliyokuwa ya watu wanne. Inaepuliwa ikiwa bado na ukaidi kidogo kwenye jino. Haisuuzwi. Watu wanamimina mafuta ili nyuzi zisigandane, basi nawaambia: kombe mbili za yale maji iliyochemkia zinafanya kazi hiyohiyo bure. Yana wanga ndani yake, yanaufanya mchuzi uwe mzito na ushike kila uzi. Mafungu matatu ya mchicha yanaingia dakika ya mwisho, sufuria inafunikwa, inaepuliwa. Siku ya Ijumaa tunaongeza tui la pili, lile jepesi. Ukiangalia kwenye sinia, mboga ni nyingi kuliko spageti, na mama anakula kwenye upande wake wa sinia, kiasi chake, pamoja na sisi.

Najua atakayenijibu: mbona unasifu mchicha wa Dar, hujui unamwagiliwa kwa maji gani? Najua. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na humo walipima madini mazito, risasi na kadmiamu miongoni mwao. Hayo ni maji yanayopita nyuma ya viwanda, gereji na vyoo vyetu. Lakini ushahidi huo unamshitaki nani? Haumshitaki mama wa gengeni anayeamka alfajiri kufuata mboga, wala mimi ninayenunua fungu. Unawashitaki wanaoachia maji machafu mtoni na wanaopaswa kuwazuia. Kumwambia mtu ale mboga kila siku huku bonde linalozilima linageuzwa mfereji wa taka ni kumpa kazi mpishi peke yake, kazi ambayo nusu yake haimo jikoni.

Ndiyo maana sitaki tena kusikia mahubiri kuhusu spageti. Nataka kliniki za Temeke na Kinondoni ziandike vipeperushi kwa majina ya vitu vya gengeni na kwa vipimo vya kijiko na kikombe, na kabla ya kumshauri mgonjwa zimwulize anakula na nani. Nataka viungo vya pakiti viandikwe kiasi cha chumvi mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama yangu atazisoma bila miwani. Nataka mchicha upimwe sokoni kama nyama inavyokaguliwa machinjioni. Na wifi yangu akipita jioni akakuta spageti inachemka, avute kigoda, achambue mchicha. Kuna mafungu matatu na mikono yangu ni miwili.