Treni ya Sinema ya Bei Nafuu: Acha Sanduku, Tazama Reli

Haya basi wasomaji, leo tarakilishi tuiweke kando kidogo tuzungumze kuhusu vigarimoshi. Usiondoke. Tutarudi kwenye programu kabla hatujamaliza, na utaona kwamba ni hadithi moja.

Krismasi ikikaribia, swali huwa ni lilelile. Mtu ana jamaa Marekani au Uingereza anayekuja nyumbani. Ameona treni ya mfano yenye jina la sinema, bei si mbaya, na mtoto ameitazama sinema hiyo mara ishirini. Ananiuliza: "Wewe mtu wa mitambo, hii kitu ina thamani, ama nitatupa pesa?"

Wanaojibu swali hili wako katika kambi mbili. Kambi ya kwanza ni wazoefu wa treni za mfano. Hao wakiona jina la sinema kwenye sanduku wanakunja pua: hicho ni kidaude cha watoto, weka akiba ununue kitu cha maana. Kambi ya pili ni wauzaji pamoja na wazazi wanaowaamini. Kwao picha ya sanduku ni dhamana tosha.

Mimi nasema kambi zote mbili zinapima kitu kisichofaa kupimwa. Jina la sinema si kosa wala si sifa. Bei nafuu si kosa wala si sifa. Thamani ya seti ya treni iko kwenye reli: upana wake, umeme wake, na ni nani mwingine anaweza kupita juu yake. Mengine yote ni rangi.

Masanduku mawili, jina moja

Chukua The Polar Express, sinema ya Robert Zemeckis ya mwaka 2004, iliyotokana na kitabu cha watoto alichokitoa Chris Van Allsburg mwaka 1985. Kampuni ya Lionel ya Marekani imeuza treni zenye jina hilo za aina zaidi ya moja, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Aina ya kwanza ni ile ya Ready-to-Play. Reli zake ni za plastiki na hazipitishi umeme. Kichwa cha treni kinabeba betri zake chenyewe, sita za saizi C, na rimoti inataka tatu za AAA. Unaipanga sakafuni, unabonyeza, inazunguka, inapiga honi na kengele. Bei yake kwa muda mrefu ilikuwa karibu dola 100.

Aina ya pili ni ya kipimo cha O, yenye mfumo unaoitwa LionChief. Hii ina reli tatu za chuma, ile ya katikati ikileta umeme. Upana kati ya reli za pembeni ni milimita 32 hivi, na treni imepunguzwa kwa uwiano wa 1:48. Bei yake hupita dola 300.

Jina ni moja, sinema ni moja, picha kwenye masanduku zinafanana kama mapacha. Lakini kichwa cha sanduku la kwanza hakiwezi kutembea juu ya reli za sanduku la pili. Kampuni ni ileile! Ukitaka kuendeleza seti ya plastiki, utanunua plastiki zaidi ya familia hiyohiyo. Siku mtoto akitaka kuhamia kwenye treni za umeme, anaanza upya kabisa. Hata behewa moja halihami naye.

Ile ya kipimo cha O, ambayo wengi wataiita ghali, inakubali mabehewa ya O yaliyotengenezwa miaka ya 1950. Mtoto wa leo anaweza kufunga behewa la babu ya mtu nyuma ya treni ya sinema, na likaenda. Hiyo ndiyo thamani ninayoizungumzia, na haijaandikwa popote kwenye picha ya sanduku.

Kwa wazoefu wanaokunja pua

Sasa nigeuke kwa kambi ya kwanza, kwa sababu dharau yao nayo ina gharama. Inawafukuza watoto mlangoni.

Mnasahau historia yenu wenyewe. Lionel ilianzishwa New York mwaka 1900. Miaka ya 1930, wakati uchumi wa Marekani ulipoporomoka, kampuni hiyo iliingia chini ya usimamizi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Krismasi ya 1934 ilitoa kigari kidogo cha reli cha kutia ufunguo, Mickey Mouse na Minnie wakisukuma mpini, kwa dola moja tu. Vilinunuliwa takriban 250,000. Wanahistoria wanabishana kama kweli ndicho kilichoiokoa kampuni, maana hata treni zake nyingine ziliuzwa vizuri wakati huo. Lakini hakuna anayebisha kwamba kitu cha dola moja, chenye wanasesere wa sinema, kiliingiza reli katika nyumba ambazo zisingeweza kununua treni kubwa.

Mchagua jembe si mkulima. Mwenye kudharau treni ya sinema kwa sababu ni ya sinema hajui wapenzi wapya wa fani yake wanatoka wapi.

Isitoshe, ukiondoa nembo ya sinema, mara nyingi unakuta treni ya kweli chini yake. Kichwa chekundu cha Hogwarts Express kilichoonekana katika sinema za Harry Potter ni garimoshi halisi la mvuke, Olton Hall namba 5972, lililojengwa mwaka 1937 kwa ajili ya shirika la Great Western Railway la Uingereza. Daraja linalopita kwenye sinema hizo ni Glenfinnan huko Uskoti, lenye matao 21. Na treni ya The Polar Express iliigwa kutoka kwa Pere Marquette 1225, garimoshi la aina ya Berkshire lililojengwa mwaka 1941 na kuhifadhiwa huko Owosso, Michigan. Hata milio ya sinema ilirekodiwa kutoka kwake.

Basi jaribio langu la kwanza ni hili: futa nembo. Kinachobaki ni nini? Hogwarts Express ya Hornby ya kipimo cha OO ukiifuta nembo, unabaki na treni ya Kiingereza inayotembea kwa umeme wa volti 12 kwenye reli za upana wa milimita 16.5. Upana huo ni uleule wa HO, kipimo kilichoenea kuliko vyote duniani. Reli za Peco zinaipokea. Reli za Bachmann zinaipokea. Ukiifuta nembo ile ya betri na plastiki, unabaki na kichezeo kinachozunguka.

Kichezeo si dhambi! Kama mtoto ana miaka minne na treni itakimbia juu ya zulia kati ya uji uliomwagika na paka, nunua ile ya betri kwa roho safi. Reli za chuma zingeharibika kwa wiki moja. Ninachokataa ni kuuziwa kichezeo kwa maneno ya "mwanzo wa safari". Safari gani, ikiwa barabara inaishia kwenye zulia?

Reli ni kama faili

Mimi riziki yangu ni kuandika programu, na ugonjwa huu naufahamu. Kuna ofisi moja, siitaji, iliyoniita nihamishe rekoria zake za miaka minane kutoka programu moja hadi nyingine. Programu ya zamani ilinunuliwa kwa sababu ilikuwa rahisi na skrini yake ilipendeza. Lakini faili zake hazikufunguka kwa kitu kingine chochote chini ya jua. Gharama ya kuzitoa humo ilizidi bei ya programu yenyewe. Walichonunua kilikuwa ni jela yenye rangi nzuri.

Nasi Wakenya tusijifanye hatuelewi habari ya upana wa reli. Reli kongwe iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ina upana wa milimita 1,000. SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikafika Naivasha mwaka 2019, ina milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine, hata uliombee. Kontena linalotaka kuendelea kwa reli ya zamani lazima lishushwe na kupakiwa upya. Tofauti ya milimita 435 imekuwa kazi ya winchi, wafanyakazi na saa. Sasa wewe unataka kumnunulia mtoto tatizo hilohilo kwa zawadi?

Mahali treni ndogo zilipoifaa dunia ya programu

Niliahidi tutarudi kwenye programu. Treni za HO na OO zina mfumo wa kuziongoza kidijitali unaoitwa DCC. Ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, kisha chama cha Wamarekani cha NMRA kikaufanya kuwa kiwango cha wazi miaka ya 1990. Reli zilezile mbili zinabeba umeme na ujumbe kwa pamoja. Kila kichwa kina anwani yake na dikoda ndani, kinasikiliza, na kinatii ujumbe unaokihusu tu. Ukiwahi kushika mitandao ya kompyuta, hapo utatabasamu.

Kwa kuwa kiwango kiko wazi, watu wameandika programu huria za kukitumia. JMRI ni mojawapo, imeandikwa kwa Java. Nyingine ni DCC++, iliyokuwezesha kujenga kituo cha kuongozea treni kwa bodi ya Arduino.

Na hapa ndipo wengi hawajui. Robert Jacobsen, mwanafizikia wa Berkeley aliyekuwa nyuma ya JMRI, alipambana mahakamani na mfanyabiashara aliyechukua faili za mradi huo bila kutaja zilikotoka. Mwezi Agosti 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba masharti ya leseni huria yanalindwa na sheria ya hakimiliki. Wote tunaotoa msimbo wetu bure kwa masharti tunaegemea uamuzi uliotokana na treni za mfano. Wanaoita mambo haya mchezo wa watoto waisome kesi hiyo.

Sasa linganisha. Seti ya OO ya bei nafuu yenye nembo ya sinema inaweza kuanza leo kwa swichi ya kawaida ya volti 12, na baadaye mara nyingi ikatiwa dikoda. Mtoto wa miaka kumi anayeitazama ikizunguka anaweza, akiwa na kumi na tano, kuandika programu ya kuisimamisha kituoni. Seti ya plastiki ina rimoti na vitufe vyake. Ukimaliza kubonyeza vyote, umemaliza somo.

"Lakini ile ni mara tatu ya bei"

Najua. Shilingi haiokotwi. Lakini hesabu vizuri. Betri za saizi C, yale mawe ya katikati, zinaisha, na kichwa kinataka sita kwa mpigo. Na siku mtoto akichoka, seti ya plastiki utaigawa bure. Ya O, OO au HO ina mnunuzi, kwa sababu inaingia kwenye reli za mtu mwingine. Bei ya kitu ni ulicholipa, toa utakachorudishiwa.

Na kama pesa haitoshi kabisa, nunua seti ya mtumba ya OO isiyo na jina la sinema, upake rangi nyekundu, umwambie mtoto ni ya wachawi. Ataamini. Olton Hall nalo lilipakwa rangi tu.

Kabla jamaa yako hajafika kwenye kaunta, mtumie maswali haya:

1. Upana wa reli umeandikwa kwa jina la kipimo kinachojulikana, yaani O, OO au HO? Kama umeandikwa "reli maalumu", jua mlango umefungwa.

2. Umeme unatoka kwenye reli au kwenye betri?

3. Kuna kampuni nyingine inayotengeneza reli au mabehewa yanayoingiliana na seti hii?

4. Adapta inakubali volti 240? Seti za Marekani mara nyingi ni za volti 120, na ukichomeka hapa kwetu utasikia harufu kabla ya honi. Za Uingereza zina plagi ya miguu mitatu kama yetu.

5. Ukifuta nembo ya sinema, bado ungeinunua?

Swali la tano ndilo kubwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya kinajitembeza kikiwa kimevaa nembo ya sinema. Nembo itachakaa, sinema itasahauliwa, mtoto atapata shujaa mwingine kabla ya Pasaka. Reli za milimita 16.5 zitakuwa bado milimita 16.5, na yeyote mwenye treni atakaribishwa juu yake.