Ardhi ya Kijani Iungane: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Busia

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Busia, na kwa Bodi ya Manispaa ya Busia,

Naomba idhini ya kuweka mbele yenu, na mbele ya wananchi wote wasomao, rai juu ya miji yetu ya mpakani, Busia na Malaba: kwamba ardhi ya wazi iliyobakia humu, yaani kingo za mito, vinamasi, hifadhi za reli na barabara, viwanja vya shule na vivuli vya masoko, ihesabiwe katika ramani za mipango kuwa milki moja iliyoungana, ikalindwe kwa sheria kabla haijakatwakatwa vipande.

Miji hii miwili imejaliwa maji mengi. Malaba imekaa kando ya mto wenye jina hilohilo, ambao huteremka kutoka Mlima Elgon, ukawa mpaka baina yetu na Uganda, kisha ukauendea Mto Mpologoma na Ziwa Kyoga. Kusini mwa Busia hupita Mto Sio, nao hulinywesha Ziwa Victoria baada ya kupenya vinamasi vya Sio-Siteko, ambavyo upande wake mmoja ni wetu na wa pili ni wa jirani zetu. Mafunjo na matete ya huko, ambayo watu wengi huyaona kuwa ni magugu tu, yana kazi kubwa: hupunguza kasi ya mafuriko, hunasa udongo uliochukuliwa kutoka mashambani, na mizizi yake hufyonza uchafu ambao lau ungepita ungefika kwenye mitungi ya watu waishio chini ya mkondo.

Sikatai kwamba riziki yetu imeletwa na njia. Tangu reli ilipofika Kampala mwaka 1931 kwa kupitia Malaba, hadi mwaka 2018 marais wa nchi mbili walipokifungua rasmi Kituo cha Pamoja cha Mpakani hapa Busia, shehena za Afrika Mashariki zimepita mlangoni mwetu, na kwa hizo wamepata chakula mawakala, wachuuzi, wabadilishaji fedha na vijana wa bodaboda. Lakini atazame mtu foleni ya malori Malaba saa saba mchana: madereva na utingo wao wamelala chini ya matela kwa kukosa kivuli kingine, mama muuza nyanya anasogeza kapu lake kadiri kivuli cha lori kinavyosogea, na mtaroni, chini ya chupa za plastiki zilizoziba mdomo wa daraja dogo, maji meusi yenye utando wa mafuta yanangoja mvua ya jioni iyasukume mtoni. Hapo utaona kwamba kivuli, mtaro na mto ni jambo moja, ingawa maofisini huandikwa katika mafaili matatu.

Nalitilia mkazo neno la kuungana kwa sababu kila mwaka tunapanda miche, na hiyo ni kazi njema. Serikali ya kitaifa imejiwekea azma ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na kaunti yetu haina budi kutoa sehemu yake. Walakini miti elfu ndani ya ua wa ofisi haizuii mafuriko ya mtaa, na mikaratusi iliyopandwa kinamasini hunywa maji yaleyale tuliyotaka kuyahifadhi. Ukingo wa mto uliolindwa hapa, kisha ukaachwa wazi pale kwa tanuri la matofali na pale kwa ploti ya nyumba, ni kama ua wenye pengo: mbuzi hawapiti penye miiba, hupita penye pengo. Maji nayo huingia pale tulipoiondoa mimea, nao ndege na nyuki, waliokuwa wakifuata miti kutoka kijiti hadi kijiti, hukoma safari yao hapo.

Miji mingine imekwisha tufundisha. Dar es Salaam, bonde la Mto Msimbazi lilijengwa makazi mpaka mafuriko ya Desemba 2011 yakaua watu na kuwaacha wengi bila maskani, na serikali ikalazimika kuwahamishia Mabwepande. Leo fedha nyingi zinatumika katika kazi ya kulirudishia bonde lile nafasi yake. Curitiba, nchini Brazili, walitangulia kufanya tadbiri: mwaka 1972 waliifanya bustani ya Barigui kandokando ya mto, ili maji yakizidi yapate pa kutandaa bila kuingia nyumbani mwa watu, na siku za jua watoto wapate pa kucheza. Hapa kwetu Kenya, Msitu wa Karura ungalikuwa majumba ya watu wachache lau Profesa Wangari Maathai na wenzake wasingalisimama mwaka 1999 kuutetea.

Wala hamhitaji sheria mpya. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kimeiagiza dola ifikishe miti angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Na kanuni za maji za mwaka 2006 zilikwisha kukataza kulima na kujenga kando ya mto kwa upana usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30. Kinachopungua ni alama zinazoonekana ardhini, maana mpaka ulio kwenye karatasi tu hujulikana na wakili na dalali, na mkulima maskini huujua siku ya kubomolewa.

Kwa insafu pia, nawasihi msilifanye jambo hili kuwa fimbo juu ya wanyonge. Mfyatua matofali na mwenye kibustani cha sukuma wiki wako mtoni kwa haja. Wapewe muda, wapewe mahali pengine, na wao ndio wawe wa kwanza kuajiriwa katika kuotesha na kulinda miche ya mvule na mikuyu.

Basi naomba mambo manne. Kwanza, vigingi vya mpaka vipigwe katika kingo za Malaba na Sio, hadharani, wazee wa mitaa wakishuhudia. Pili, mpango wa matumizi ya ardhi uchore njia moja ya kijani isiyokatika, itakayoanzia mto wa Malaba, ifuate hifadhi za barabara kupitia Alupe, na kuishia vinamasi vya Sio-Siteko. Tatu, kila maegesho ya malori yapandwe miti ya kivuli na yachimbiwe mashimo ya kuchuja mafuta kabla maji hayajafika mtaroni. Nne, mkutane na wakuu wa wilaya za Busia na Tororo za Uganda, kwa usaidizi wa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu, maana ng'ambo moja ikilinda na ya pili ikachimba, hasara ni ya wote.

Na ramani hiyo ibandikwe sokoni Busia na Malaba, kwa Kiswahili, kabla haijapitishwa, ili kila raia aione, aiulize na aitolee maoni, kama Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inavyotaka. Hapo ndipo wananchi watakapoilinda kwa hiari, kwa kuwa watakuwa wameichora pamoja nanyi.

Nasalia kwa heshima,

Mkazi wa Busia